Paa la Bei Moja

Mwezi wa sita ukiingia, Parin huacha kutaja bei. Mteja akija akauliza bati la geji thelathini linakwendaje, Parin humtazama juu ya miwani, hushusha pumzi, kisha humwambia arudi baada ya bajeti. Mteja naye hana haraka, maana hata yeye alikuja kuuliza tu. Anayenunua bati wiki ya bajeti, Mwanza nzima, ni yule aliyeezuliwa paa na upepo au aliyekosa redio. Basi wawili hao hukaa wakitazamana, muuzaji asiyeuza na mnunuzi asiyenunua, mpaka mmoja wao akumbuke kuuliza habari za nyumbani.

Ana miaka sitini na minne. Alizaliwa hapa hapa Mwanza, akaolewa hapa hapa, na duka la mabati alilolikuta kwa mkwe wake, mzee Kassam, ndilo alilozeekea. Kisukuma anakisema kwa ufasaha kuliko Kigujarati cha mama yake. Watu wa mjini humwita Mama Minaz, kwa jina la binti yake aliyeolewa Dar es Salaam. Wale wa vijijini, ambao hawana habari na Minaz, humwita Mama Bati. Majina yote mawili huyaitikia kwa sauti ile ile, ya mtu aliyekatizwa usingizi.

Duka lenyewe lina jambo moja ambalo maduka mengine hayana, na jambo hilo ndilo lililolijaza watu miaka yote na ndilo lililokuja kumtoa Parin machozi. Mzee Kassam alikuwa akiuza paa kwa bati moja moja. Mtu mwenye kiwanja na ndoto lakini asiye na fedha za kutosha alikuja na hela ya bati moja, akalinunua, na bati halikuondoka. Lilipelekwa stoo ya nyuma, likapakwa herufi za jina lake pembeni kwa rangi nyekundu, likaegemezwa ukutani. Mwezi ujao likaja la pili, au lisije mpaka baada ya mavuno ya pamba. Na bei ilikuwa ile ile ya siku ya kwanza, mpaka paa litimie, hata kama lingechukua miaka mitano. "Paa haliezekwi kwa bei mbili," mzee Kassam alikuwa akisema, na akiulizwa kwa nini watu wasikae na hela zao nyumbani, alikuwa na jibu lake: hela ya mfukoni ina ndugu wengi, bati halina ndugu.

Hilo alilisema kweli. Hela ikilala ndani, atafiwa mjomba, ataumwa mtoto wa dada, itatoka. Lakini nani atakuja na msiba wake akaomba akopeshwe bati lenye jina la mtu? Wajane wamejenga kwa njia hiyo, wapagazi wa sokoni wamejenga, walimu wa shule za msingi wamejenga. Ukipanda kule kwenye majabali ukatazama chini, huwezi kuhesabu mapaa yaliyotoka stoo ile yakiwa na herufi nyekundu zilizofichwa chini ya bati la jirani.

Enzi za mzee Kassam jambo hilo halikuwa na shida, kwa kuwa bei ilikuwa ikitembea polepole. Ilipanda, ndiyo, lakini ilipanda kama mzee anavyopanda kilima, unamwona, unampisha. Siku hizi bei haitembei. Inaruka, inarudi, inaruka tena, na Parin hajui iko wapi mpaka lori lifike.

Ilianza mwaka ule ushuru wa bati la kutoka nje ulipopandishwa ili kulinda viwanda vya ndani. Parin hakununa. Alisema moyoni, sawa, tutauza la ndani. Kumbe la ndani nalo lina mguu mmoja nje: viwanda vinaleta koili, yaani chuma chembamba kilichoviringishwa kama jamvi, ndicho wanachokikata na kukikunja kuwa bati, na ushuru wa koili nao ulikuwa umeguswa. Likapanda la nje, likapanda na la ndani kwa kulionea gere. Mwaka uliofuata akasema sirudii kosa, akajaza stoo mwezi wa tano kabla ya bajeti. Bajeti ikasomwa, ushuru wa koili ukashushwa, kwa mwaka mmoja tu. Jirani yake aliyekuwa hana kitu dukani akaagiza kwa bei ya chini, na Parin akakaa na shehena yake ya bei ya juu kama mtu aliyevaa koti siku ya jua. Mwaka wa tatu akaacha stoo wazi akisubiri nafuu iendelezwe. Haikuendelezwa.

"Nikisimama naliwa, nikikimbia naliwa," alimwambia Machibya, mpakiaji wake, mzee mwenzake aliyeanza kazi hapo akiwa kijana wa kubeba bando mbili begani.

"Basi kaa chini, mama," Machibya akamjibu. "Ukikaa angalau unaliwa umepumzika."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi.

Mwaka huu, mwezi wa tano, ndipo alipokuja Sabina. Sabina ni mchuuzi wa dagaa Mkuyuni, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega. Alianza paa lake miaka saba iliyopita, Irfan mume wa Parin angali hai, na Irfan ndiye aliyempakia herufi zake kwenye bati la kwanza kwa mwandiko wake mbaya, S ikaonekana kama nyoka aliyekanyagwa. Tangu hapo Sabina alikuwa akileta hela kila giza linapokuwa zuri. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, na taa haifai kitu mbalamwezi ikiwaka, hivyo wakati wa giza dagaa humiminika na wakati wa mbalamwezi hupotea. Sabina hununua na kuuza kwa kufuata mwezi, na mabati yake yalifuata mwezi pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Sabina. Dagaa wanasemaje?"

"Dagaa wamenipenda mwezi huu." Alifungua pindo la kitenge akatoa kifurushi. "Yamebaki kumi na mawili, mama. Nimekuja kumaliza paa langu."

Siku nyingine yoyote Parin angefurahi. Siku hiyo moyo ulimshuka. Stoo ilikuwa na mabati machache mno ya kuuza, yote ya bei ya mwaka huu, na kumpa Sabina kumi na mawili kwa bei ya miaka saba iliyopita kulikuwa ni kumwongezea kwa kila bati hela ambayo Parin mwenyewe hakuwa nayo. Na wauzaji wa jumla wa Dar walikuwa wamempigia simu jana yake, wakimwambia safari hii ushuru utashuka, wana uhakika. Ukishuka, alijiambia, nitampa Sabina mabati yake na nisiumie sana.

"Kuta zimefika wapi?" akauliza.

"Zimefika kwenye linta. Fundi anamalizia."

"Basi haraka ya nini? Subiri bajeti, mwanangu. Bei yako iko pale pale, haiendi popote. Subira yavuta heri."

Sabina alimtazama kidogo, kisha akakifunga kifurushi na kukirudisha kwenye pindo la kitenge. Hakuwa na sababu ya kutomwamini. Miaka saba Mama Bati hajawahi kumwambia neno likageuka.

Bajeti ilisomwa Alhamisi. Parin aliisikiliza dukani, redio ikiwa juu ya mzani wa misumari, Machibya kachuchumaa mlangoni. Yalipita mengi, ya mbolea, ya bia, ya pikipiki, na Parin akawa anaitikia tu kwa kichwa kama mtu aliyeko msibani kwa wasiomhusu. Ilipofika kwenye chuma, aliinua kidole Machibya anyamaze, ingawa Machibya hakuwa amesema kitu. Ushuru wa bati ulipanda. Ushuru wa koili ulipanda. Kuanzia tarehe moja mwezi wa saba.

"Wale wa Dar walisema utashuka," alisema Machibya.

"Walisema."

"Walikuwa na uhakika."

"Machibya, nyamaza sasa."

Lori la kwanza la mwezi wa saba lilipokuja, bei iliyokuja nalo ilimkalisha kitako. Parin alikaa kwenye kigoda chake akafanya hesabu ambazo alikwisha zifanya. Wenye mapaa yasiyotimia stoo walikuwa zaidi ya thelathini. Kuwatimizia wote kwa bei za siku zao za kwanza kulikuwa ni kulifunga duka, na si kwa mfano wa maneno, bali kulifunga kwa kufuli na kumwambia Machibya kwaheri. Akaamua, baada ya miaka yote hiyo. Aliwaambia wenye mapaa mmoja mmoja, walipokuja: mabati aliyonunua mtu ni yake, hakuna wa kuyagusa, ila yaliyobaki yatauzwa kwa bei ya siku. Neno lenyewe lilikuwa la haki, hakuna mahakama ambayo ingelipinga, na bado kila alipolitamka alijisikia mdogo.

Wengine walimfokea, na hao hawakumsumbua sana. Aliyemsumbua ni mzee Chenge, mstaafu wa kiwanda cha pamba, ambaye alikuwa amebakiza mabati manne tu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena. Kisha akaomba apewe yale yaliyo yake. Machibya alimsaidia kuyapanga kwenye mkokoteni, na mzee Chenge akaondoka nayo akitembea nyuma ya mkokoteni huku kaweka mkono juu ya mabati. Hakuaga. Parin alisimama mlangoni mpaka mkokoteni ukapinda kona, akasema kwa sauti, "Huyu mzee nimemkosea," na hakuna aliyembishia.

Sabina hakutokea mwezi wa saba, wala wa nane. Parin aliwaza labda amesikia, labda amekwenda kwingine, na lazima isemwe kwamba alitamani iwe hivyo. Alikuja mwezi wa tisa katikati, asubuhi, mawingu yakiwa yameanza kukaa juu ya ziwa upande wa Ukerewe. Kifurushi kilikuwa kwenye pindo lile lile.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, na mabega yakacheka. "Nimechelewa. Bajeti ilipita, nikasema nisikusumbue mpaka watu wapungue. Nilikwenda kisiwani, Nansio, kwa shangazi, mbalamwezi hii yote. Nina hofu na mvua, mama. Tofali zangu ni za kuchoma lakini nimejengea udongo. Mvua mbili tatu zikipiga ukuta ukiwa wazi, fundi anasema nianze upya."

Kumbe hakuwa amesikia. Parin alimwangalia Machibya, na Machibya akaona ghafla kwamba mzani wa misumari ulihitaji kufutwa vumbi.

"Kaa, Sabina." Parin alimvutia kigoda. Akamweleza, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kisukuma, kwa kuwa kuna mambo ambayo ukiyasema kwa lugha ya nyumbani kwa mtu unakuwa hujajificha. Alimwambia kuhusu ushuru, lori na ile bei. Alimwambia kwamba ametangaza hakuna tena bei ya siku ya kwanza, na kwamba wote wamekwisha ambiwa.

Sabina alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Mama, mimi nilikuja mwezi wa tano."

"Ulikuja."

"Nilikuja na hela yote."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyekwambia usubiri."

"Sikulaumu," Sabina alisema. "Mimi mwenyewe bei ya dagaa naibadilisha. Giza nauza kopo la sado kwa bei hii, mbalamwezi naipandisha, na mteja wangu haniiti mwongo. Anajua mwezi. Hata mtoto akitazama juu anajua dagaa kesho watakuwaje." Alitafuta neno. "Huu mwezi wenu wa bajeti, mama, unatazamwa wapi?"

Parin angejua unatazamwa wapi, asingekuwa na stoo tupu. Alichokuwa nacho ni uchovu, uchovu wa miaka minne wa kubahatisha maisha ya watu wengine, akikosea kila mara upande ule ule wa kuumiza. Aliona kama vile kuna watu mahali fulani wanaosogeza meza, na yeye ndiye anayeambiwa asimwage chai. Akainuka ili Sabina asimwone macho.

Alikwenda stoo. Machibya akamfuata.

Stoo ya mzee Kassam ilikuwa ndefu na ya giza, na sasa ilikuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Rundo la Sabina liliegemea ukuta wa kushoto, safi, nyoka aliyekanyagwa akionekana kwenye bati la mbele. Marundo mengine machache yalikuwa ya wale ambao hawajaja kuyachukua. Na mwisho kabisa, chini ya turubai, palikuwa na rundo ambalo halikuwa la mteja.

Yalikuwa ya Irfan. Nyumba yao iko juu ya duka, na paa lake ni lile aliloezeka mzee Kassam akiwa kijana. Lilianza kuvuja kabla Minaz hajaolewa. Irfan alisema atalibadilisha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa desturi, hakuchukua mabati dukani kama mwenye mali. Alijinunulia moja moja, kwa hela yake ya mfukoni, akajipakia herufi yake, akaliegemeza ukutani kama mtu yeyote wa Buhongwa, pembezoni mwa mji. Mwaka ule ule wa Sabina. Walikuwa wakitaniana, nani atamaliza kwanza. Irfan alifariki akiwa na mabati kumi na matano, na Parin hakumaliza, wala hakuezeka, wala hakuuza. Kila mvua ikija anapanga beseni nne na sufuria moja pale juu. Wateja wake wa mtaani wanajua, humtania: kinyozi hajinyoi, Mama Bati. Naye hucheka, akawaambia wasimharibie biashara.

Alivuta turubai. Vumbi likapanda.

"Mama," Machibya alisema polepole. "Haya ni ya bwana."

"Ni ya mwaka wa Sabina. Yalinunuliwa kwa bei ya Sabina." Alikuwa akisema na nafsi yake zaidi ya kusema na Machibya. "Nikimpa haya siumii hata senti. Bei yake ni ile ile na yangu ni ile ile. Duka zima hakuna bati jingine ninaloweza kumwambia hivyo na isiwe uwongo."

"Na paa lako?"

"Paa langu limevuja miaka yote hii na mimi bado ni mzima."

"Na mzee Chenge?"

Hilo lilimchoma, maana alikwisha kujiuliza. Mzee Chenge alitaka manne. Rundo hili lilikuwapo siku ile, chini ya turubai hili hili, na yeye hakulikumbuka, au alilikumbuka akajifanya hakulikumbuka. Na mabati matatu yatakayobaki hayatimizi manne ya mtu yeyote.

"Mzee Chenge nilimkosea," alisema. "Nikimkosea na huyu, haitamsaidia mzee Chenge. Hesabu kumi na mawili."

Machibya aliyatoa moja moja. Parin alishika kitambaa chenye mafuta ya taa akafuta herufi ya mumewe kwenye kila pembe. Rangi ilikuwa ya zamani, haikutaka kutoka, na baadhi ya pembe zilibaki na wekundu kama wa sikio la mtoto aliyefinywa. Hakupaka jina la Sabina juu yake. Hapakuwa na haja, yalikuwa yanaondoka.

Sabina alipoyaona aliyajua. Aligusa pembe moja yenye wekundu, akamtazama Parin, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," Parin alimwahi. "Lete hela yangu, tafuta gari, uezeke kabla ya mvua. Irfan alisema wewe hutamshinda, sasa umemshinda."

Sabina alilia hapo hapo dukani, bila kujificha, na Parin naye alilia, na Machibya akaenda nje kutafuta kirikuu, kile kigari cha mizigo, ambacho kwa kawaida hupatikana kwa kupiga mluzi mmoja, lakini siku hiyo kilimchukua muda mrefu.

Paa liliezekwa. Fundi alimaliza wiki moja kabla ya mvua ya kwanza, na Sabina alimletea Parin sado ya dagaa wa kukaanga na picha kwenye simu: nyumba ndogo ya vyumba vitatu, Buhongwa, nyuma kidogo ya barabara ya Shinyanga, paa linang'aa mpaka limeunguza picha. Parin aliipeleka picha karibu na miwani, akaisogeza mbali, akairudisha tena. Kwa siku kadhaa alikuwa mwepesi. Alimwambia hata Minaz kwa simu, ingawa hakumwambia mabati yalitoka wapi, na Minaz alipouliza beseni zikoje akasema ziko salama.

Halafu akaja Queen.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua zimechanganya, barabara ya mbele ya duka imekuwa mto wa maji mekundu yanayoshuka kutoka milimani. Msichana aliingia akijikung'uta, umri wa miaka thelathini au pungufu, mrefu, mwenye mabega ambayo Parin aliyatambua kabla hajaambiwa.

"Shikamoo, mama. Mimi mdogo wake Sabina. Naitwa Queen."

"Marahaba. Karibu. Sabina mzima?"

"Mzima. Ndiye aliyenituma." Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa siri nzuri. "Nauza chai na mihogo stendi ya Buhongwa. Nimepata kakiwanja. Dada kaniambia, usikae na hela nyumbani, Queen, nenda kwa Mama Bati ukaanze paa. Akasema Mwanza nzima imegeuka, bei zimegeuka, watu wamegeuka, Mama Bati peke yake hajageuka. Nimekuja na la kwanza."

Akaiweka hela juu ya meza. Ilikuwa imekunjwa kunjwa, noti ndogo ndogo, zenye harufu ya moshi wa kuni.

Parin hakuigusa. Nyuma yake stoo ilikuwa na mabati matatu ya Irfan na mengine machache ya bei ya wiki hii. Wiki ijayo lori lingekuja na bei nyingine, tayari wale wa Dar walikuwa wamepiga simu wakisema kuna maombi yamepelekwa, huenda ushuru ukaangaliwa upya katikati ya mwaka, hawana uhakika. Angeweza kuichukua ile hela. Angeweza kuandika Q nyekundu kwenye bati na kumwambia binti huyu bei yako iko pale pale, haiendi popote. Maneno aliyajua, aliyasema mwezi wa tano.

"Tumeacha, mwanangu," alisema.

Queen hakuelewa. "Mmeacha kuuza?"

"Kuuza tunauza. Ukitaka la leo nakupa kwa bei ya leo, uondoke nalo. Ila kuweka, na bei ya siku ya kwanza, tumeacha. Siwezi kukuahidi bei ya kesho. Mimi mwenyewe siijui."

"Lakini dada..."

"Dada yako alikuwa wa mwisho."

Machibya, aliyekuwa akiviringisha kamba, aliacha kuviringisha. Katika duka lile neno hilo halikuwahi kusemwa kwa mtu anayekuja na bati lake la kwanza. Walifukuzwa walevi, walifukuzwa matapeli, lakini mtu wa bati la kwanza alikuwa akiletewa kigoda na chai.

Queen hakubishana. Aliitazama hela yake pale mezani, akaikusanya noti moja moja, akaipanga, akaifunga kwenye leso. Uso wake haukuwa na hasira, na Parin angependa kama ungekuwa nayo.

"Bati moja nitaliweka wapi, mama, napanga chumba kimoja," alisema, akitabasamu kwa aibu. "Basi. Nitakaa nayo nyumbani mpaka bei itulie."

"Sawa," Parin alisema.

Aliwajua ndugu wa hela hiyo. Hakuwa amewahi kuwaona, lakini aliwajua wote, mjomba atakayefiwa, mtoto atakayeumwa, ada ya shule, na kuni za mihogo zenyewe zitakazopanda bei. Aliwajua tangu siku ya kwanza alipoolewa na mzee Kassam akamkalisha kwenye kigoda hicho hicho kumweleza duka hili linauza nini. Alimtazama binti akifunika kichwa kwa mfuko wa nailoni na kuvuka yale maji mekundu, na hakumwita.

Jioni alipandisha ngazi kwenda juu. Mvua ilikuwa haijakatika. Alipanga beseni nne na ile sufuria kila moja mahali pake, bila hata kuwasha taa, akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu Irfan afariki akahisi paa lile halivujii beseni, linamvujia yeye.